Ukuta wa Mwanjaa

Kifuniko cha sufuria kiligongagonga gizani. Umeme ulikuwa umekatika mara baada ya magharibi, maharage bado yanachemka, nasi kwa tochi ya simu tulikuwa tukisoma daftari la dada yetu Rukia bila ruhusa yake, tukicheka.

"Palipoandikwa hapakandikwi," Bibi akasema kutoka kwenye kigoda chake.

 Binti yangu wa miaka sita akauliza maana yake.

"Methali hiyo ina nyumba yake, na udongo wa nyumba hiyo niliushika kwa mikono hii," Bibi akajibu. "Ilianza hivi."

Kwetu Bonde, masika yakikaribia, wanawake tulikuwa tukizunguka nyumba kwa nyumba kukandika kuta. Huyu anakanyaga udongo, yule anateka maji, wengine wanapaka kwa viganja, na utani unaruka kuliko matope. Mwaka ule nilikuwa nimeolewa miezi miwili tu. Zamu ilifika kwa Mwanjaa, aliyemzika mwanawe wa pekee, Athumani, bila kudondosha chozi mbele za watu. Kisimani walimsema sana. Aliyemsema kuliko wote ni Mashavu, mwanamke mwenye ulimi wa wembe. Na katika sisi wote, ni Mashavu na Mwanjaa tu waliomaliza darasa la jioni la watu wazima.

Tuliingia jikoni mikono imejaa udongo, tukakuta ukuta wa nyuma umeandikwa kwa mkaa, kutoka usawa wa macho hadi sakafuni.

"Heh! Mwalimu kafungua shule jikoni," Mashavu akasema. "Shoga, wanafunzi ndio hawa kuku?"

Tukaangua kicheko. Mwanjaa hakucheka. Alikuwa ameshika pindo la kanga kwa mikono miwili. Baadaye aliniambia kwamba alfajiri ile alishakanda udongo ayazibe maandishi yale mwenyewe kabla hatujafika, mkono ukakataa.

"Msipake kwanza," akasema. "Kuandika niliweza. Kuyatamka siwezi. Nisomee, Mashavu."

"Mimi?"

"Wewe. Si ndiye unayesema sina moyo?"

Mashavu akaanza kwa sauti ile ile ya mzaha, akiyaburuta maneno: "Athumani mwanangu. Watu wanasema nimekusahau. Kila jioni bado nakupakulia. Sahani yako naiweka karibu na yangu. Nikimaliza kula, chakula chako nakirudisha chunguni polepole, usije ukadhani nimekunyima."

Mzaha ukamtoka. Akageuka kumtazama Mwanjaa, naye alikuwa amefumba macho kama mtu anayengoja kofi.

"Malizia," Mwanjaa akasema.

Basi akaendelea. Maandishi yalikuwa yakishuka, naye akashuka nayo: akainama, akachuchumaa, na mstari wa mwisho akausoma magoti yakiwa chini, machozi yanamtiririka hadi kidevuni. Udongo ulidondoka viganjani mwetu, to, to, hakuna aliyeuokota.  Ulikuwa ukuta wa fito na udongo tu, kama kuta zote tulizokwisha kupaka, lakini mimi nilijihisi nimeingia mahali pa kuvulia viatu.

Sijui ni mazoea au woga, nikanyanyua mkono nipake. Mashavu akanishika kifundo cha mkono.

"Palipoandikwa hapakandikwi, mwanangu," akasema. Kisha akamwendea Mwanjaa, akamkumbatia na udongo wake wote, na hapo ndipo Mwanjaa alipolia, kwa sauti, mbele yetu.

Tuliikandika nyumba nzima siku ile, ndani na nje. Ukuta ule tuliuacha. Kila masika tukarudi, na kila masika tukauruka.

Bibi akasema taratibu, "Mtu akikuonyesha alichokiandika, anasimama kama alivyosimama Mwanjaa, macho kafumba. Palipoandikwa hapakandikwi."

Nikalifunga daftari la Rukia. Binti yangu akasogea hadi magotini pa Bibi.

"Mimi pia ningempakulia Athumani," akasema.