Waliopigana Kwenye Daraja la Chemosoi

Wageni wagombanao hupatana mgongoni mwa mwenyeji. Mmemsikia mjomba wenu akiisema, nanyi mkacheka mkidhani ni mzaha. Si mzaha hata kidogo. Methali hii ilianza hivi, na ilianzia kwetu.

Babu yangu Kimaiyo alikuwa mchungaji wa mlowezi mmoja ambaye watu walimwita Bwana Ndevu. Malisho aliyochungia yalikuwa ya baba yake, kabla wazungu hawajayazungushia seng'enge na kumwambia kwamba sasa yeye ni kibarua humo.

Mwaka mmoja sotoka, ule ugonjwa unaofyeka ng'ombe, iliingia. Serikali ikapiga marufuku ng'ombe kuvuka daraja la Chemosoi kwenda stesheni ya reli, ikaweka askari pale chini ya kapteni wa Kizungu. Walowezi wakawaka hasira. Walisema hawakuja kutoka ng'ambo ili wazuiwe na serikali yao wenyewe. Asubuhi moja wakapanda farasi, bunduki mabegani, wakaenda kuvuka kwa nguvu. Babu alitangulizwa mbele pamoja na ng'ombe, fimbo mkononi.

Pale darajani Bwana Ndevu na Kapteni walibishana kwa lugha yao. Babu hakuelewa maneno, lakini macho alikuwa nayo. Alimwona Bwana Ndevu akimchapa Kapteni mjeledi wa uso. Alimwona Kapteni akichomoa bastola na kufyatua. Baada ya hapo kila mwenye bunduki alipiga. Ng'ombe wakatimka, na babu akawakimbilia akiwaita, fimbo juu. Moshi ulipotawanyika, walowezi wawili na askari mmoja walikuwa wamekufa.

Kesi ikasikilizwa bomani, babu naye akaletwa akasimamishwa nyuma. Bwana Ndevu aliapa kwamba wao walikuwa wakiomba njia kwa upole, askari wakawamiminia risasi. Kapteni naye akaapa kwamba walowezi ndio waliopiga kwanza, tena wakiwa wamejificha vichakani. Mmoja alisema kulikuwa na ukungu, mwingine akasema jua lilikuwa linawaka. Mashahidi wa kila upande wakakariri vilevile kama kasuku. Hakimu, mzungu mwenzao, akaona kwamba akimwamini mmoja itambidi amfunge mwingine, na hakutaka kumfunga yeyote kati yao. Akauliza, "Nani alikuwa mbele kabisa?"

Kapteni akasema, "Mchungaji. Sasa nakumbuka. Aliinua fimbo akapiga ukelele. Askari wangu walidhani ni mkuki."

Bwana Ndevu akamtazama Kapteni. Tangu kesi ianze walikuwa hawajatazamana.

"Ni kweli," akasema. "Alipiga ukelele. Hata farasi wetu walishtuka."

Mkalimani, kijana aliyeitwa Yusto, akamgeukia babu. "Mzee, uliinua fimbo?"

"Niliinua. Nilikuwa naita ng'ombe, na risasi zilikuwa zimeshaanza kulia. Mwambie hakimu kwamba huyu alimchapa yule, na yule akapiga bastola. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze."

Yusto akatafsiri yote. Hakimu akachukua moja tu, kwamba fimbo iliinuliwa. Babu akahukumiwa viboko na kifungo cha kuvunja mawe.

Viboko alipigwa mchana uleule, amelazwa kifudifudi katikati ya uwanja wa boma. Bibi yangu Taprandich alikuwa amesimama nje ya ua pamoja na wanawake wa vibarua wengine. Kutoka pale aliwaona Bwana Ndevu na Kapteni wamekaa barazani wakinywa chai. Alama ya mjeledi ilikuwa bado mbichi kwenye shavu la Kapteni, na aliyemchapa ndiye aliyekuwa akimsogezea sukari. Kiboko kililia, nao wakaendelea na mazungumzo yao.

Yusto alipotoka getini, bibi akamshika mkono.

"Hawa si ndio waliouana darajani?"

"Ndio hao, mama."

"Na sasa?"

"Wamepatana."

"Wamepatania wapi?"

Yusto akainamisha kichwa.

"Usinifiche uso," bibi akamwambia. "Mahali nimepaona. Wamepatania mgongoni mwa mume wangu. Rudi ndani ukawatafsirie hilo."

Yusto hakurudi ndani. Lakini wale wanawake walikuwa wamelisikia, wakaenda nalo kila shamba walikokuwa wakivuna, na likashika.

Babu alitoka jela akiwa na kikohozi cha vumbi la mawe ambacho hakikumwacha tena. Walowezi wale wawili walijengewa mnara. Askari aliyekufa hakuandikwa popote, na mimi sikuwahi kumpata mtu anayejua jina lake.

Siwaambii haya ili mlie. Nawaambia ili siku mtakapowaona wakubwa wawili wakitukanana juu ya ardhi yenu, msikae kando mkimshangilia mmoja wao. Watachoka kupigana, na wakichoka watatafuta pa kupatania. Wageni wagombanao hupatana mgongoni mwa mwenyeji.