Mtoto Aliyevutwa Kupanda Kasanda

Haya, sogeeni. Chai ni yangu, swali litakuwa lenu, na atakayekunywa chai akaondoka bila kujibu, kesho asipite mlangoni kwangu.

Chini ya mlima Kasanda, kule kwenye viazi na ukungu, waliishi watu watatu. Wa kwanza ni Sekela, mjane, mkulima wa viazi, mwenye pikapu ya kuvuta chochote utakachoifungia. Wa pili ni Ambakisye, fundi wa kuchomelea, ambaye akiunganisha chuma na chuma huoni pa kutia ukucha. Wa tatu ni Gwamaka, dereva wa gari la wagonjwa la zahanati, mtu wa kuja, aliyeweza kupitisha gari kwenye utelezi ambao mbuzi hukataa kuukanyaga.

Msidhani walikuwa marafiki. Sekela alikuwa hampi fundi hata salamu, na mtaelewa kwa nini.

Mwaka mmoja kabla ya haya, Atupele, mtoto pekee wa Sekela, alishikwa na uchungu wa uzazi wakati wa mvua. Gari la wagonjwa likakwama kwenye tope katikati ya Kasanda. Akatokea mchuuzi wa viazi na pikapu yake, nyuma ina kulabu ya kuvutia tela aliyochomelea Ambakisye. Kamba ikafungwa, gari likatoka topeni, likaanza kupanda. Mara kulabu ikang'oka na bampa nzima, kwa sababu ilichomelewa kwenye bampa na si kwenye chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima. Bampa ni bati la kupendezesha gari, haikutengenezwa kuvuta kitu. Gari la wagonjwa likarudi kinyumenyume mpaka mtaroni, na Atupele akafia pale, na mtoto tumboni, mama yake amemshika mkono.

Msibani Sekela alimuuliza fundi mbele za watu, "Kwa nini uliichomelea kwenye bampa?"

"Mwenye gari alikuwa na haraka, mama. Alisema hapohapo panatosha."

"Na wewe ulijua kwamba hapatoshi?"

Ambakisye akatazama chini. Alijua.

Kisha Anyosisye, mume wa marehemu, akaoa tena kabla majani hayajaota kaburini. Mke mpya anaitwa Tupokigwe. Sekela alilimeza hilo, lakini halikushuka.

Akauza miti ya mbao aliyoachiwa na marehemu mumewe, akaenda mjini na shemeji yake kununua pikapu, si lori wala kigari, ile ya kati. Kwenye yadi zilisimama mbili, rangi moja, umbo moja. Muuzaji akasema, "Hizi ni ndugu, mama. Ila hii ya kulia imefungwa kiwandani seti ya kuvutia tela, ndiyo maana bei imepanda."

Sekela akatandika khanga chini, akajilaza chali, akaingiza kichwa chini ya gari. Aliiona kulabu imekazwa kwa bolti nene kwenye chesisi yenyewe, na kijirejeta cha pili cha kupoza mafuta ya gia boksi ili yasiungue gari likivuta kupanda, na nyaya za kupeleka umeme kwenye breki za tela.

"Inavuta kiasi gani?" aliuliza akiwa bado chini.

"Tani tatu na nusu. Lakini nikwambie kweli, hiyo ni kama unachokivuta kina breki zake. Kisicho na breki, usizidishe hata tani moja. Kitakusukuma mteremkoni."

"Shemeji," akanong'ona yule shemeji, "chukua hii ya rahisi. Kulabu hata Ambakisye atakuchomelea."

"Huyo ndiye ninayemkimbia," Sekela akasema, akajifuta vumbi, akalipia ya kulia.

Kijijini walicheka mpaka wakashika mbavu. Tela lenyewe hana! Amelipia kulabu ya kuvutia upepo! Watoto wakaanza kumwita Mama Kulabu, wakubwa wakafuata, na taratibu lile jina la Mama Atupele likapotea midomoni mwa watu. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko kicheko. Mtoto kafa, na sasa hata jina lake hakuna anayelitaja. Alitamani kitu kimoja tu duniani, kulisikia likiitwa tena, na mtu aitike.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa mchana, mvua inanyesha, na Gwamaka amempakia Tupokigwe, mtoto amekaa vibaya tumboni. Hospitali iko ng'ambo ya Kasanda. Mguuni pa mlima gari likachemka, likazima, likagoma kuwaka. Rejeta ilikuwa ikivuja wiki nyingi na Gwamaka alilijua hilo. Kila asubuhi aliongeza maji akanyamaza, maana dereva aliyemtangulia aliripoti ubovu, akaambiwa ameharibu yeye, akafukuzwa.

Akakimbia hadi kwa Sekela, akamkuta barazani anachambua maharage.

"Mama, gari limezima. Naomba utuvute."

"Nani yumo?"

Gwamaka alitamani kudanganya. "Mke wa Anyosisye."

Sekela akainamia ungo wake. Akaokota punje mbovu, akaitupa. Akaokota nyingine. Moyoni mwake mlikuwa na neno moja, nami nitalisema kama lilivyokuwa: na wao waonje. Gwamaka amesimama mvuani, maji yanamchuruzika, hajui aombe tena au apige magoti. Sekela aliuchambua ungo ule mpaka ukaisha. Ndipo ukapanda kutoka barabarani mlio wa mwanamke, na ulikuwa mlio uleule aliousikia mwaka uliopita. Akasimama ghafla, maharage yakamwagika, akachukua ufunguo.

Kule chini walimkuta Ambakisye anaburuta bomba nene la chuma lenye pete kila ncha. Alilitengeneza baada ya msiba ule, akaliegemeza ukutani kwenye karakana yake, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza ni la nini.

"Msifunge kamba," alisema. "Kwenye mteremko wa ng'ambo gari litakuja kuwagonga kwa nyuma. Fungeni hili."

Sekela akapitisha kidole kwenye mshono. "Umechomelea mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Kama ile ya bampa?"

"Mama Atupele, nitukane baadaye. Sasa hivi funga."

Alikuwa mtu wa kwanza kumwita hivyo kwa miezi mingi, na Sekela alimchukia zaidi kwa hilo. Lakini alifunga.

Wakapanda. Pikapu ya Sekela ilivuta. Gari la wagonjwa ni zito, barabara ni tope, na Kasanda haina pa kupumzikia, lakini ile kulabu haikutikisika na gia boksi haikuungua. Ingekuwa ile pikapu ndugu yake iliyobaki yadini, na kulabu ya kubandika, wangeishia palepale walipoishia mwaka uliopita.

Bomba la Ambakisye lilishika. Yeye mwenyewe alining'inia nyuma ya pikapu, mvua usoni, jicho kwenye pete zake mbili njia nzima. Kwenye kona lilisokotwa, kwenye mashimo likasukumwa na kuvutwa, wala mshono haukufunguka. Ingekuwa kamba, gari la nyuma lingeipanda pikapu mara tu mteremko ulipoanza.

Na Gwamaka alizuia. Gari lililozimika, usukani wake ni mzito, na breki yake lazima uikanyage kwa uzito wa mwili mzima. Mteremko wa ng'ambo wote aliushuka amesimama juu ya ile breki, mgongo ameukaza kwenye kiti, mpaka goti likapata jeraha ambalo hadi leo linamfanya achechemee. Ingekuwa mguu wa mwingine, tani zile zote zingeisukuma pikapu ya Sekela korongoni, pamoja na kulabu yake ya kiwandani.

Wakafika. Tupokigwe akapasuliwa. Akatoka mtoto wa kike, mzima, analia. Mama naye akapona, ila kizazi kikatolewa. Daktari alisema, "Mngewahi kidogo, tungekiokoa." Hakuna aliyeuliza huko kuchelewa kulitokana na rejeta au na ungo wa maharage. Sekela alisimama ukumbini, akafurahi, na akaichukia furaha yake.

Desturi ya pale ni hii: mtoto aliyeokolewa njiani hupewa jina na aliyemwokoa, siku kitovu kinapodondoka. Jina ni moja na mtoaji ni mmoja, maana mtoto huyo atakuwa wa mtoaji pia. Atamtekea maji uzeeni, na siku akifa ataongoza kilio chake. Na kwa Tupokigwe hakutakuwa na mtoto mwingine wa kumfidia atakayekosa.

Kitovu kikadondoka. Wakaja wote watatu nyumbani kwa Anyosisye.

Gwamaka akatangulia. "Mimi hapa bado mnaniita mgeni, na goti langu limebaki kwenye mlima wenu. Mwiteni Bupe. Ni jina la mama yangu, aliyekufa hana kaburi ninalolijua. Nipeni mtu mmoja wa kunililia."

Ambakisye akasema, "Mwiteni Atupele. Nililiua jina hilo kwa mikono hii. Niacheni nilirudishe kwa mikono hii."

Hapo Sekela akapaza sauti. "Wewe! Umenichukulia mtoto, sasa unachukua na jina? Jina hilo ni langu kulitoa! Likitoka mdomoni mwako, fundi, naapa sitalitamka tena mpaka naingia kaburini. Mtoto atapita mlangoni kwangu na nitageuza uso."

Tupokigwe, aliyekuwa amelala kitandani, akajiinua kwa shida.

"Mama," alimwambia Sekela, "Gwamaka alipokuja kukuita, nilihesabu pumzi zangu. Alichelewa sana kurudi. Ni kweli ulisita?"

Sekela angeweza kusema ufunguo ulipotea.

"Nilisita," alisema. "Nilikaa nikachambua maharage, nikitaka uonje nilichoonja mimi. Kisha nikaja. Yote mawili ni mimi."

Tupokigwe akalia, na Sekela akalia, kila mmoja upande wake, hakuna aliyemfuata mwenzake.

"Mimi siwezi kuchagua," Tupokigwe akasema. "Kila mmoja wenu ameniokoa. Na kila mmoja wenu, nikimtazama, naona alichonifanyia mimi au aliyenitangulia."

Anyosisye akamchukua mtoto, akasimama naye katikati ya chumba. Mbele yake mikono sita imenyooshwa: ya mjane aliyeuza miti yake yote akanunua nguvu, halafu akaizuia kwa muda wa ungo mmoja, ya fundi ambaye chuma chake kimoja kiliua na kingine kikaokoa, ya dereva aliyevunja goti lake kuzuia janga alilolilea mwenyewe kwa kunyamaza.

Msiniambie wagawane. Mtoto hagawanywi, na jina likitolewa na watu watatu si jina, ni ugomvi. Wala msiniambie fundi na mjane wanataka jina lilelile, kwa hiyo ni sawa tu. Mwambieni hivyo Sekela usoni, kama mna ubavu.

Mtoto analia, anataka kunyonya, na baba yake hana pa kumweka. Haya, wewe uliyeshika kikombe: ungekuwa Anyosisye, mtoto huyu ungemweka mikononi mwa nani, na hao wawili watakaotoka mikono mitupu ungewaambia nini?