Tembo na Ubao wa Chatu

Hapo zamani za kale, wanangu, habari za Tembo na ubao wa Chatu zilianza kwa aibu: Tembo aliukalia. Aliingia sebuleni kwa Chatu, akaona kibao kizuri chenye vishimo, akadhani ni kigoda cha wageni. Puu! Alipoinuka, kete zilikuwa zimemganda matakoni. Twiga, aliyeingia naye, akajifanya anakohoa.

Chatu hakucheka. Yeye ndiye aliyekuwa na chemchemi ya pekee bondeni, na desturi yake ilikuwa hii: kiangazi kikiingia, wenye kiu hucheza pamoja dhidi ya ubao. Wao husogeza kete kutoka vishimo vya chini hadi kishimo cha juu, kiitwacho kisima. Chatu naye, kila zamu, huziba kishimo kimoja kwa jiwe. Kete zikifika kisimani, wote wanakunywa. Zisipofika, wote wanahama.

Na mke wa Tembo ndiyo kwanza alikuwa amejifungua. Mtoto hata kusimama hajaweza. Safari ingemuua.

Chatu aliwapa Tembo, Twiga, Nyati na Pimbi mchezo mmoja wa kujaribu. Tembo akamwamuru kila mtu. Twiga akitaka kwenda kushoto, anaambiwa kulia. Nyati akijikuna kichwa, Tembo keshamsogezea kete. Walishindwa vibaya. Jioni alimwambia mkewe kwamba mchezo ule unapasua kichwa, kwamba anauchukia, na kwamba anatamani kuurudia sasa hivi.

Asubuhi Pimbi, mdogo kuliko wote, alimvuta pembeni.

"Shikamoo, Mzee Tembo. Mchezo wa leo unataka mlinzi wa kisima. Anashika maji mdomoni mwanzo hadi mwisho. Tone likidondoka, tumekwisha."

"Kwa nini iwe mimi?"

"Mdomo wangu unajaa kwa kijiko kimoja, Mzee."

Tembo akaona hilo ni kweli kabisa. Akajaza maji, mashavu yakavimba.

Tk, tk, tk, mchezo ukaanza. Nyati akapeleka kete pembeni kabisa, kwa ujinga mtupu. Mmmh! Tembo alitaka kubwata, akamkumbuka mwanawe, akabana midomo. Pimbi akaiacha kete yake izibwe, jiwe lisiende kwingine. Kisha Twiga akaichukua ile kete ya Nyati na kuipitisha njia ambayo Chatu alikwisha kuisahau. Na hakuna aliyemwambia mwenzake kitu.

Tembo akaduwaa. Alikuwa ametembea sana, ameona milima inayotema moto na maziwa ya chumvi yanayong'aa kama mbalamwezi. Lakini vichwa vitatu kufikiri kama kimoja, hilo hakuwahi kuliona. Ngozi yake yote nene ikamsisimka. Alitamani ule mchezo uishe upesi, na alitamani usiishe kamwe.

Tk. Kete ya mwisho ikaingia kisimani. Chatu akajikunjua polepole, akaiachia chemchemi.

Tembo akatema maji, pwaa, akamsogelea Pimbi na kumuuliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliye msikitini:

"Kumbe maji yale yana nguvu namna hii? Hasa yalifanya nini?"

"Yalikunyamazisha, Mzee. Wenzako wakapata nafasi ya kufikiri."