Siku Yusta Alipoupikia Ukoo

Isome taratibu, kisha umpelekee mjane mmoja unayemfahamu, kabla ukoo haujamfikia.

Kule nyanda za juu, mahali ambapo kipupwe kikiingia umande huganda juu ya majani ya viazi, aliishi mwanamke aitwaye Yusta. Mumewe, Severini, alifariki akamwachia mabinti wawili, nguruwe mmoja, na shamba ambalo siku walipooana hakuna ndugu aliyelitaka. Lilikuwa shamba la mawe. Watu walitania kwamba mbuzi akipotelea humo hana haja ya kutafutwa, njaa itamrudisha mwenyewe.

Mawe hayo Yusta aliyang'oa kwa mikono yake. Mengine aliyabeba kichwani akiwa na mimba ya mtoto wa pili. Akapanda viazi, akapanda karoti bondeni, na kwenye mteremko akapanda miti ya matufaha, yale ambayo sokoni huitwa maepo. Severini alikuwa mgonjwa wa kifua miaka mingi. Alikaa mlangoni na blanketi lake, akamtazama mkewe akilima, akamwambia, "Mama Roda, hili shamba limekuwa lako kuliko langu."

Maneno ya mgonjwa, mashahidi wake ni kuku.

Mwaka wa msiba ulipokwisha, Mzee Filemoni, baba mkubwa wa marehemu na msemaji wa ukoo, alimjia Yusta nyumbani.

"Mwanangu, Jumapili ukoo unakuja kukaa kikao. Tuamue kama unabaki hapa au unarudi kwa baba yako."

Baba yake Yusta alikuwa amezikwa miaka sita iliyopita. Angerudi kwa nani?

"Nifanye nini nibaki, baba?"

"Utupikie," mzee akasema. "Basi. Ila kila kitu kitoke kwenye shamba hili. Usinunue kitu sokoni, hata kitunguu. Tunataka kuonja."

"Na chumvi?"

"Chumvi tutakuja nayo," mzee akacheka. "Sisi si watu wabaya."

Yusta alifurahi. Ndiyo, alifurahi! Maana kama ni kupika na kulima, alijua hakuna wa kumshinda. Kwake ulikuwa mtihani aliousomea miaka kumi na moja.

Jumapili alfajiri mchinjaji alikuja, na yule nguruwe mmoja akaisha. Wifi yake, Betrida, dada wa marehemu, alikuja kumsaidia. Walikata nyama mapande makubwa, wakaitia kwenye sufuria bila mafuta, maana nguruwe hujikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Ilipoanza kuwa ya kahawia, vitunguu vikaingia, na vitunguu saumu. Kisha karoti zilizokatwa nenenene, viazi mviringo na viazi vitamu.

"Ndimu iko wapi?" Betrida akauliza. "Nyama ya nguruwe bila ndimu inakinaisha."

"Ndimu haioti kwenye baridi hii. Wamesema shamba tu." Yusta akachukua matufaha ya kijani, yale machachu, akayakata vipande vinne vinne na maganda yake.

"Wifi! Unapika au unatengeneza jemu?"

"Onja mchuzi kwanza, ndipo unitukane."

Betrida akaonja. Akaonja tena.

"Mungu anisamehe," akasema, "kaka yangu alikufa na utamu huu mdomoni, akawa analalamika eti anaumwa!"

Wakacheka mpaka moshi ukawaingia machoni. Kilikuwa kicheko chao cha mwisho jikoni humo.

Saa kumi jioni wanaume tisa wa ukoo walikaa mezani. Alikuwepo Laurian, mdogo wa marehemu, ambaye kwa mwaka mzima hakuwahi kuja hata kuuliza watoto wamekula nini. Mwenyekiti wa kijiji naye alikuwepo, aje kushuhudia kwamba haki imetendeka. Yusta akapakua. Betrida akabaki jikoni na mabinti wawili, sikio mlangoni.

Wale watu walikula. Jamani, walikula!

"Shemeji," Laurian akasema na mdomo umejaa, "kitimoto cha mjini kikasome!"

"Huyu nguruwe amekufa kifo chema," mwingine akasema, akikwangua sahani kwa kiazi.

Mzee Filemoni yeye alikula polepole, akiuliza.

"Karoti hizi ni za hapahapa?"

"Za bondeni, baba. Sijawahi kukosa maji kule, hata kiangazi."

"Na viazi?"

"Vya juu, palipokuwa na mawe. Sasa pamelainika, hata jembe la mtoto linaingia."

"Matufaha je? Miti mingapi?"

"Thelathini na mbili. Yote inazaa."

Kila alipojibu, Yusta alinyanyua kichwa kidogo zaidi. Kila alipojibu, Laurian alitikisa kichwa kukubali. Yusta aliona kutikisa kule, akadhani anasifiwa.

Mzee akafuta mikono, akasimama.

"Kikao kimekula, na kikao kimeridhika."

Jikoni Betrida akapiga vigelegele. Mtoto mdogo akaruka, akamkumbatia dada yake.

"Tumeridhika," mzee akaendelea, akingoja vigelegele vipungue, "kwamba shamba hili ni mali. Sisi tulidhani ni mawe. Na mali ya ukoo haikai mikononi mwa mtu aliyeletwa na ndoa, wakati ndoa yenyewe imeshazikwa. Shamba atalishika Laurian. Mama Roda atapewa hadi mwisho wa mwezi kujiandaa. Na tunamshukuru sana kwa chakula."

Yusta alikuwa ameshika bakuli la mchuzi, alikuwa anakuja kuwaongezea. Alibaki amelishika.

"Baba," akasema, "nimepika vibaya?"

"Hapana, mwanangu. Umepika vizuri kupita kiasi."

"Na kama ningeunguza?"

Mzee hakuona aibu hata kidogo. Alikuwa anachokonoa meno kwa kijiti.

"Ungeunguza tungesema shamba limekushinda, apewe mwenye nguvu."

Betrida akatoka jikoni na mwiko mkononi, jambo ambalo wanawake wa ukoo ule hawafanyi wanaume wakiwa kikaoni.

"Basi niambie, baba mkubwa. Akipika vizuri anaondoka, akiunguza anaondoka. Angepika nini abaki?"

Mzee akaendelea kuchokonoa meno.

Betrida akamgeukia mwenyekiti wa kijiji. "Na wewe? Si uliletwa kwa ajili ya haki? Sema basi!"

Mwenyekiti alimeza kwanza. Kisha akasema, "Mambo ya ukoo, dada yangu, huwa yanamalizwa na ukoo." Akasogeza sahani yake mbele kidogo, kuelekea lile bakuli la mchuzi.

Na Yusta, utaniuliza, alifanya nini? Ungependa nikwambie alimmwagia mzee mchuzi kichwani. Ungependa nikwambie alikwenda mahakamani akashinda. Hata mimi ningependa. Lakini Yusta alimwongezea mwenyekiti mchuzi, kwa sababu mkono uliozoea kupakua haujui kwamba mwenye mkono amekwisha kufukuzwa.

Walipoondoka waliomba kilichobaki wafungiwe, wawapelekee wake zao waonje. Laurian aliondoka wa mwisho. Alipitia kwenye mteremko, akawa anagusa mti mmoja mmoja wa matufaha kwa kiganja, kama mtu anayehesabu ng'ombe wa mahari.

Sahani zilikuwa za kuazima, za jumuiya ya kanisani. Yusta alichota maji, yalikuwa baridi ya kukata vidole, akachuchumaa akaanza kuosha. Mabinti wake walisimama nyuma yake.

"Wifi, acha vyombo," Betrida akamwambia, akilia. "Kwa nini unawaoshea? Waache waje waoshe wenyewe!"

Yusta hakuinua uso.

"Nikiviacha," akasema, "watasema walinifukuza kwa sababu mimi ni mchafu."

Funzo: Haki yako usiipike ikaenda kuonjwa, anayekutahini juu ya kilicho chako ameshajigawia, ukifaulu atakipokonya kwa kuwa kinafaa, ukifeli atakipokonya kwa kuwa wewe hufai.