Sultani Mudhafari na Mwanamume Asiyepatikana

Mji wa Kahramani ulitawaliwa na Sultani Mudhafari bin Ghalibu, mwenye ndovu na majeshi na ghala za ambari, na masultani jirani wakisikia jina lake walisogeza mipaka yao nyuma wenyewe. Akamwoa Binti Tuhfa, akampenda mapenzi ya kumkosesha chakula, na fungate ikaanza kwa ngoma na ubani, lakini jogoo akakataa kupanda mtungi. Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu, mpaka Sultani akawa anasingizia mambo ya dola.

Na desturi ya mji ule ilikuwa kali: fungate ikiisha mambo bado, kungwi humrudisha bibi harusi kwao mchana kweupe.

Ilipobaki siku moja, Sultani akasugua pete yake ya akiki, akatokea jini Kashkashi, mtumwa wa pete. Sultani akamwamuru amtafute mwanamume ambaye balaa lile halijamfika hata mara moja, amnyang'anye nguvu zake amletee yeye Sultani, na udhaifu wa Sultani ampe mtu huyo. Jini akaruka, na jua likichomoza akarudi kilemba kimekaa upande.

"Ewe bwana wangu mwenye amri, mtu huyo sikumpata. Waziri wako, ajisifuye kwa wake wanne, nimemkuta akimwambia mdogo wao kuwa mgongo unamuuma. Amiri jeshi alijifanya amelala. Kadhi anasoma vitabu mpaka mkewe asinzie. Na yule muuza dawa za nguvu sokoni amekunywa dawa yake mtungi mzima, na bado anatazama ukuta. Wengine balaa hili huwapata mara moja moja, wengine kila siku, na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake. Waliosalia ni makapera, na hao wanajisifia mtihani ambao hawajaufanya."

"Na wewe je?" akauliza Sultani.

Jini akainamisha kichwa. "Bwana, mimi nina umri wa miaka elfu."

Sultani akacheka, na alikuwa hajacheka tangu harusi. Akaenda kwa mkewe, akamkuta anafunga sanduku na macho yamevimba, akamweleza yote bila kuficha.

"Bwana wangu," akasema Tuhfa, "mimi nilikuwa nalia nikidhani sura yangu imekuchukiza. Kumbe ni hili? Hili baba yangu analo, na mama yangu hajahama."

Kungwi alipobisha, akaambiwa arudi peke yake. Kisha akaitwa tabibu, akamkataza Sultani halua na mikesha na wasiwasi, akampa dawa na subira, na mwaka haukuisha Tuhfa akapata ujauzito. Sultani akalitangaza jambo lile barazani bila haya, na tangu hapo mlango wa tabibu ulijaa watu, akatajirika hata akajenga ghorofa, na waziri akaja amejitanda buibui la mkewe.

Mficha uchi hazai. Hekaya yangu imefika ukingoni, na aliyejiona ndani yake asione haya, maana aliyeketi ubavuni mwake naye anajiinamia.