Bao la Mezani Halitikisi Nyavu

"Bao la mezani halitikisi nyavu." Ndivyo alivyosema mwalimu wa kwaya jana, alipokataa kupokea kombe kwa sababu kwaya ya pili haikutokea. Nanyi mkanung'unika njia nzima, kisha mkaniuliza maneno hayo kayatoa wapi. Hakuyatoa kitabuni. Yalizaliwa hapa hapa kwetu Rungwe, kwenye uwanja ule wa juu, na yalianza hivi.

Palikuwa na timu ya wanawake iliyoitwa Ukungu Queens. Ilicheza ligi kuu, ile ya nchi nzima, na nahodha wake alikuwa Tusekile, binti wa mjane mmoja, Bi Anyisile. Mama huyu alikuwa mtu wa sala. Miaka yote binti yake akicheza, yeye hakukanyaga uwanjani. Alibaki nyumbani akipiga magoti, akisema maombi yana miguu myepesi kuliko yeye. Lakini mechi ya mwisho ya msimu ule alikwenda, maana ilikuwa ya kufa na kupona. Ukungu wakishinda, wanabaki ligi kuu. Wakitoka sare au wakifungwa, wanashuka daraja, na mfadhili alikwisha kusema timu ikishuka yeye anaondoka. Tusekile na wenzake wangerudi kuchuma chai.

Bi Anyisile hakupanda jukwaani. Alikaa nyuma ya goli moja, juu ya jiwe, kitenge kichwani, mwavuli mapajani. Mvua ilikuwa imenyesha toka alfajiri, sasa imekatika. Nyavu za goli zilijaa matone, kila fundo na tone lake, kama shanga. Akaomba kimoyomoyo: Bwana, wape watoto hawa pointi zao.

Wapinzani walikuwa Sangara Queens, watu wa kule Ziwa Victoria. Saa ya kuanza ikafika, Ukungu wakajipanga, refa akatazama saa yake, Sangara hawaonekani. Habari ikaja kwa simu: udongo umeporomoka barabarani, basi lao limezuiwa huko bondeni, wameshuka wote na wanakuja kwa miguu.

"Samaki hapandi mlima," alisema kijana mmoja wa bodaboda, na watu wakacheka.

Sasa, mpira una utaratibu wake. Timu isipofika hungojwa kwa muda, kisha wakubwa wa mchezo hukaa mezani wakaandika kwamba waliofika wameshinda mabao matatu. Hayo ndiyo mabao ya mezani. Siku ile kamisaa wa mchezo alimwita nahodha pamoja na katibu wa timu, Bwana Mwakyoma, akawaambia muda unakwisha. Wakitaka, filimbi italia na pointi ni zao. Wakikubali kusubiri, naye atasubiri.

"Piga filimbi, kamisaa," alisema katibu. "Mvua hatukuileta sisi."

 Tusekile aliomba dakika moja, akatembea mpaka nyuma ya goli alikokaa mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeona? Mungu amejibu hata sijasema amina. Watu wanasema pointi ni zenu, zichukueni."

"Mama, leo umekuja kuangalia nini?"

"Nimekuja nikuone unavyocheza."

"Na mpaka sasa umeniona nikifanya nini?"

Bi Anyisile hakuwa mtu wa kusema uongo. "Umesimama," alisema.

"Basi ngoja unione nikikimbia. Wale nao wanapanda mlima kwa ajili hiyo hiyo."

Mama alitaka kumkumbusha baridi ya shamba la chai asubuhi, na vidole vinavyokufa ganzi. Lakini binti alikwisha kugeuka. Akabaki ameshika mwavuli wake kwa mikono miwili.

Tusekile akawauliza wenzake.  Beki mmoja, Atuganile, mwenye mdomo kama pilipili, akasema, "Mimi nimeshafunga njumu. Nikizifunga sizifungui bila kumpiga mtu chenga." Wakacheka, na kicheko kile ndicho kilikuwa jibu lao.

"Mtakuja kunikumbuka shambani," alisema katibu.

Wakangoja. Ukungu ukashuka mpaka katikati ya uwanja. Halafu Bi Anyisile akasikia wimbo. Ulitoka chini, kwenye mteremko, sauti za wanawake zikipanda pamoja kama za waumini waendao ibadani. Wakatokea kwenye ukungu mmoja mmoja, peku, tope mpaka magotini, viatu wamevitundika shingoni. Wa mwisho alikuwa kipa wao, mwanamke mrefu, amejitwisha mfuko wa mipira kichwani na kumshika mkono mwenzake aliyekuwa akichechemea.  Safari hii jukwaani hakuna aliyecheka. Ni muuza karanga mmoja tu aliyesikika, taratibu kabisa: "Samaki kapanda mlima."

Walinawa miguu, wakanywa maji, wakavaa, wakacheza.

Bi Anyisile hakujua sheria za mpira, lakini macho alikuwa nayo. Alimtazama binti yake, yule aliyemnyonyesha na kumfundisha kufagia, akiwapita watu kama maji yanavyopita mawe. Alimwona akianguka na kuinuka bila kumtazama mtu. Akajiuliza nguvu ile iliingia lini nyumbani mwake asiione. Sangara, miguu yao ikiwa bado inatetemeka kwa mlima, ndio waliofunga kwanza.

Kipindi cha pili Ukungu wakawa wanashambulia goli lile alilokaa mama. Mpira ukatoka pembeni, Tusekile akaukuta hewani, hakuutuliza. Bi Anyisile hakuuona ukija. Aliona nyavu zikivimba mbele ya uso wake, na matone yote yale, shanga zote zile, yakaruka kwa pamoja yakammwagikia kichwani, usoni na kifuani. Watu walipiga kelele mpaka bondeni. Yeye alibaki ameketi, amelowa, mdomo wazi, mwavuli umefungwa mapajani.

Walitafuta la pili kwa kila walichokuwa nacho. Karibu na mwisho Tusekile akapiga shuti la chini, kila mtu akasimama. Yule kipa aliyepanda mlima na mipira kichwani akajitupa mzima mzima, akaugusa kwa ncha za vidole, ukatoka nje. Filimbi ikalia. Bao moja kwa moja. Ukungu wameshuka daraja.

Tusekile alikaa chini kwenye tope. Kipa wa Sangara ndiye aliyekuja kumwinua, wakakumbatiana.

Katibu akaja nyuma ya goli, macho mekundu. "Mama Tusekile, umemwona mwanao? Saa hii tungekuwa na mabao matatu. Matatu, mama, bila hata kuchafua jezi."

Bi Anyisile hakuwa na desturi ya kujibizana na viongozi. Alifungua kitenge chake, akakikamua maji yakadondoka, akasema, "Bao la mezani halitikisi nyavu, baba. Hili la leo limenilowesha."

Bwana Mwakyoma akatazama yale maji chini. 

Mfadhili aliondoka kweli, na Tusekile alirudi kwenye chai. Lakini jioni, kazi ikiisha, wanawake wale walipanda uwanjani kufanya mazoezi, na walipocheza daraja la chini, watu walijaa kuliko walivyojaa ligi kuu. Mama yake hakukosa mechi hata moja. Alikaa pale pale nyuma ya nyavu, na mwavuli wake hakuufungua.

Basi lile kombe mnalolililia, mwalimu angelipokea, mngeliweka wapi? Mlikuwa bado hamjaimba. Kwaya ile ikija, imbeni mpaka walioketi mbele walowe. Bao la mezani halitikisi nyavu.