Mama Aliyebomoa Ukuta Wake

Wapendwa, kabla sijawafundisha lolote, twendeni kwanza kwenye kichochoro kimoja. Kilikuwa katika mtaa kama huu wetu: nyumba nzuri, watu wenye kazi zao, watu wa ibada. Kichochoro chenyewe kilikatiza kutoka sokoni hadi barabara ya chini, na pande zote mbili kilizibwa na kuta za matofali, ndefu kuliko mtu. Hakukuwa na mlango wala dirisha lililotazama huko. Magugu yalikuwa yamesimama, taka zimetupwa ovyo, maana kichochoro kilikuwa cha wote, na mnajua wenyewe kitu cha wote kinavyoishia.

Katika mtaa huo aliishi mjane mmoja, fundi cherehani, wakimwita Mama Tumsifu. Jioni moja, jua bado linawaka, alikuwa anarudi kutoka sokoni na vitambaa vya sare za kwaya. Akapita kichochoroni kama siku zote. Katikati ya njia wanaume wawili asiowajua wakamziba, mmoja mbele, mmoja nyuma. Wakampokonya mkoba, wakampokonya vitambaa, na alipong'ang'ania wakamsukuma, akaangukia mkono wa kulia. Ukavunjika hapa, kifundoni. Mkono wa fundi, ndugu zangu.

Alipiga kelele. Na hapa nisikilizeni vizuri. Akiwa pale chini, alikuwa anasikia redio ya jirani upande huu, na upande ule anasikia mtu anaosha vyombo. Watu walikuwepo, karibu kabisa. Hakuja hata mmoja. Baadaye jirani alimwambia, tena kwa uchungu wa kweli, "Mama, sauti niliisikia. Sikujua inatoka wapi." Je, huyo jirani alikuwa mtu mbaya? Hapana. Alikuwa nyuma ya ukuta.

Mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano. Watu walikuja na hasira, na hasira ikawa inatafuta pa kutua. Akasimama Mzee Kileo, mstaafu mwenye heshima zake, ambaye nyumba yake ilitazamana na ya Mama Tumsifu ng'ambo ya kichochoro. Akasema, "Wezi tunawajua. Ni wale vijana wa kijiweni, pale kwa kinyozi. Wanashinda wamekaa, kazi hawana. Waondolewe pale, na kila mmoja wetu aongeze ukuta wake." Watu wakapiga makofi.

Alikuwepo pia askari polisi, amekaa kando. Alisubiri makofi yaishe, akasema, "Wazee wangu, mimi pale kichochoroni nimekamata watu wengi. Wa kijiweni hayumo hata mmoja. Wanatoka mitaa ya mbali, na wao kwa wao hawajuani. Nikimwondoa huyu, anakuja mwingine. Siku hizi sijiulizi tena ni nani anayeiba pale. Najiuliza pale pana nini kinachowaita."

Yeye hakupigiwa makofi. Watu walijifuta vumbi, wakaenda nyumbani kutafuta mafundi wa kuongeza kuta.

Lakini Mama Tumsifu yale maneno yalimwingia. Alirudi nyumbani, mkono umefungwa plasta, akakaa uani akiutazama ukuta wake. Ulijengwa na marehemu mumewe, kwa mikono yake mwenyewe, na kuugusa ilikuwa kama kumgusa yeye. Asubuhi akaenda kijiweni. Kijana mmoja, Ombeni, akamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimewaletea kazi. Nataka mnibomolee ukuta wa kichochoroni, ubaki wa kunifika kifuani. Na mniwekee mlango."

Ombeni akawatazama wenzake. "Mama, si mlisema sisi ndio wezi?"

"Mimi sikusema."

"Hukusema, mama. Ila ulikuwepo wakisema."

Mama Tumsifu akasema taratibu, "Ni kweli. Nilikuwepo, nikanyamaza. Nisameheni." Na wale vijana, ambao hakuna mtu mzima aliyewahi kuwaomba msamaha, wakainuka kwenda kutafuta nyundo.

Kishindo cha kwanza kikamtoa Mzee Kileo nje. "Mama Tumsifu, unajikabidhi kwa wezi."

"Baba, siku ile ukuta huu ulinisaidia nini?"

"Ukuta unalinda nyumba. Haulindi njia."

"Basi mimi nilikuwa njiani, baba. Na kesho nitakuwa njiani tena."

Mzee akatikisa kichwa, akarudi ndani.

Matofali yaliyobomolewa yakajengewa kibaraza, kikaezekwa bati. Mama Tumsifu akaketi hapo kila siku, kwanza akisalimia tu kwa sababu mkono ulikuwa bado, kisha mkono ulipopona akaisogeza cherehani yake hapo. Vijana wakazoea kukaa kibarazani badala ya kwa kinyozi. Kukaa bila kazi kunachosha, wakafyeka magugu, wakazoa taka. Jirani wa pili naye akatoboa mlango, akaweka genge la nyanya na vitunguu. Wa tatu akatoboa dirisha. Wanafunzi waliokuwa wanazunguka mbali wakaanza kupita hapo.

Na wale wezi je? Hakuna aliyewafukuza. Hakuna aliyewahubiria. Waliacha tu kuja. Mtu anayetaka kuiba hapendi kusalimiwa.

Mzee Kileo peke yake hakushawishika. Aliongeza ukuta wake kimo, juu akapanda chupa zilizovunjwa, na mbele, pale kichochoro kinapotokea barabara ya chini, akaweka geti la chuma. Akasema sasa analala salama.

Mchana mmoja likaja gari dogo la mizigo, wakashuka wanaume watatu wamevaa ovaroli kama mafundi. Wakagonga geti la Mzee Kileo, likafunguliwa, wakaingia, likafungwa. Mama Tumsifu aliwaona kutoka kibarazani. Zamani asingewaona, na hata kama angewaona asingeshangaa. Lakini sasa alikuwa anawajua wapita njia wote wa mtaa ule, na hawa hakuwajua. Tena alijua mke wa mzee amesafiri. Akapiga simu ya mzee. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Kisha akasema, "Ombeni, nendeni mkamgongee mzee."

Waligonga, kimya. Wakagonga tena, wakasikia kitu kinaanguka ndani. Mama Tumsifu akampigia yule askari, akawaita na majirani. Ombeni hakusubiri. Akapanda ukuta.

Wezi walipomwona juu ya ukuta wakafungua geti wakimbie, wakawakuta majirani wote wamesimama nje. Wakashikwa, wakakabidhiwa kwa askari wakiwa wazima, hakuna aliyeguswa. Ombeni akaingia ndani, akamkuta mzee amefungwa kamba kwenye sakafu ya jikoni. Na mezani, ndugu zangu, kulikuwa na sahani za wali. Wezi walikuwa wamejipakulia chakula cha mzee. Haraka ya nini? Nyuma ya ukuta ule nani angewaona?

Kijana akapiga magoti akaanza kufungua kamba. Mzee akaona shati lake jeupe linaingia damu, na damu si yake. Inatoka kwenye viganja vya yule kijana.

"Wamekukata, mwanangu?"

"Hapana, mzee. Ni chupa zako."

Mzee Kileo alichukua kitambaa cha mezani, akakichana, akamfunga mikono yote miwili, akilia. Viganja vilipopona, Ombeni na wenzake walitoboa mlango katika ukuta ule, na aliyekuwa anasukuma toroli la kifusi ni mzee mwenyewe.

Wapendwa, sisemi mwizi hana dhambi. Anayo, na atajibu kwa Mungu na kwa sheria. Lakini sisi kila wiki tunaomba, "Bwana, uondoe uovu mtaani kwetu." Sawa. Je, tumewahi kujiuliza uovu ukifika unakuta nini? Unakuta mahali tulipopaacha. Unakuta watu wasiojuana majina. Wewe uliyekaa hapo, jirani mnayetenganishwa na ukuta mmoja, mwanawe anaitwa nani? Mbona mnatazama chini? Na wale vijana tunaowapita tukikumbatia mikoba, nani kati yetu amewahi kuwapa kazi, au hata salamu?

Siwaambii mkabomoe kuta. Wengine ni wapangaji, mwenye nyumba atanishtaki mimi. Nasema jambo dogo. Nyuma ya kanisa hili kuna njia, na mnajua binti zetu wa kwaya wanaizunguka wakitoka mazoezini. Ni yetu. Jumamosi asubuhi nitakuwa hapo na fyekeo langu. Njooni. Na mkija, msije peke yenu, mwiteni na yule msiyemwamini. Mtaa unaweza kupona, ndugu zangu. Mimi naamini hivyo kwa moyo wangu wote.

Sasa tusimame tuombe. Ila leo tusifumbe macho. Kila mmoja amtazame aliye kando yake, amwulize jina lake, kisha tuanze.